Kuzibwa Pumzi Kwenye Kiti cha Daktari wa Meno

Niliacha shule darasa la tatu, lakini miaka ya tisini nilikuwa na lori langu la viazi kule Timau. Nilikoroma kuliko hilo lori, na nilijivunia. Mwizi gani angesogelea stoo yangu?

Siku moja nilienda Meru mjini na mke wangu kung'olewa jino. Nikingoja sindano ya ganzi ishike, nikasinzia kitini. Daktari akanitikisa kwa nguvu.

"Mzee, umekoroma, halafu ukanyamaza kabisa. Ulikuwa hupumui!"

Nikacheka. Mke wangu hakucheka.

"Daktari, huyu kila usiku ni hivyo. Nisipompiga kiwiko, havuti pumzi."

Kumbe vile viwiko nilivyowalalamikia watu kwamba ni kama mateke ya punda ndivyo vilivyoniweka hai!

Daktari alieleza kwamba nikilala, taya inarudi nyuma na koo linaziba. Alinituma hospitali nikapimwe, kisha akanitengenezea kifaa cha kuvaa mdomoni usiku, cha kusukuma taya ya chini mbele.

Asubuhi moja baada ya kukizoea, niliamka nikamkuta mke wangu, aliyekuwa akikesha kila usiku akinisikiliza, bado amelala. Nilishtuka upya. Pamoja na mali yangu yote, sikuwa nimewahi kuuona uso wake usingizini.