Mpiga Picha Anayesomea Kwenye Kuta za Watu

Saa tatu asubuhi, kijijini Mnero, wilayani Nachingwea. Mwantumu Ausi amevua kandambili mlangoni, amekaribishwa kiti na bado hajakikalia. Kamera yake inaning'inia begani, imefungwa kifuniko. Anachotazama ni ukuta.

Ukutani kwa mzee Ignasi kuna kalenda ya miaka mitatu iliyopita, rozari kwenye msumari, na picha moja nyeusi na nyeupe, ndogo kama kiganja. Kwenye picha hiyo watu tisa wamesimama mbele ya nyumba mpya iliyoezekwa bati. Hakuna hata mmoja anayemtazama mpiga picha. Wote, mpaka kitoto kilichobebwa mgongoni, wameinua nyuso wanalitazama bati.

"Subhanallah," Mwantumu anasema, kisha anausogelea ukuta mpaka pua inakaribia kugusa picha.

Anatoa daftari la shule na penseli. Anachora boksi. Ndani ya boksi anachora vijiti tisa, na mshale mmoja mrefu kuonyesha macho yao yanakoelekea. Mzee Ignasi anachungulia na kuangua kicheko.

"Ndiyo sisi hao? Mbona umetukondesha hivyo, mwanangu? Yule wa mgongoni ni mimi, na nilikuwa mnene!"

Hii ni nyumba ya arobaini na tatu. Tangu Aprili, kila anapopata siku isiyo na wateja, Mwantumu hupanda bodaboda kutoka Ruangwa, akapiga hodi kwa watu asiowajua na kuomba kitu ambacho wengi hawajawahi kuombwa: aone picha zao. Hazinunui, wala hazipigi kwa simu. Anazitazama, anazichora vijiti, anashukuru, anaondoka. Wapo waliomdhania karani wa sensa. Wapo waliomdhania mwehu.

Ukweli ni kwamba anajifunza kazi yake upya, baada ya kijiji alichozaliwa kumrudishia picha zake karibu zote mikononi.

Mwantumu ana miaka thelathini na sita, ni mzaliwa wa Nandagala, wilayani Ruangwa. Studio yake ni chumba kimoja Ruangwa mjini, jirani na stendi ya mabasi: stuli, taa mbili, shuka jeupe na shuka la bluu. Picha nne za pasipoti ni shilingi elfu tatu. Chuo hakukisikia hata kwa jirani. Shemeji yake alimwachia kamera na somo moja tu.

"Aliniambia kichwa kiwe katikati, basi," anasema. "Miaka tisa nimeweka vichwa vya watu katikati. Hata bwana harusi, kichwa katikati. Nusu ya picha mawingu matupu, nusu ya chini watu!"

Alipoona hilo halimfikishi popote, alianza kutafuta picha nzuri kwenye simu ili ajifunze namna ya kuzipanga. Simu ilimpa za aina moja: uso mkali, unang'aa, na kila kilicho nyuma kimefifia kama moshi wa jikoni. Akazipenda mno. Msimu ule wa korosho akauza, akanunua lenzi ya kufanya hivyo hivyo.

Julai ya mwaka jana, wali kumi na tisa, wasichana waliomaliza kufundwa, walitolewa unyagoni Nandagala. Kwa Wamwera siku hiyo haina marudio. Mtoto huvishwa nguo mpya na viatu vipya, hutandikiwa khanga chini, na nyuma yake husimama somo, mwanamke aliyemfunda na atakayebaki kuwa mama yake wa pili maisha yote. Picha ya siku hiyo ndiyo hutundikwa. Mwantumu aliitwa kwa sababu ni mtoto wa nyumbani.

Alipiga kama simu ilivyomfundisha. Nyuso kumi na tisa za wali zilitoka kali, mpaka kope unazihesabu. Chini picha zilikatwa kiunoni. Na nyuma, pale aliposimama somo na mikono yake mabegani mwa mtoto, palikuwa na ukungu.

"Mama mmoja aliniuliza, 'Viatu nimeuza ufuta kuvinunua, viko wapi?' Nikacheka, nikadhani utani," Mwantumu anakumbuka. "Mwingine akaja, akaweka kidole juu ya ule ukungu. Akaniuliza, 'Na huyu nyuma ni nani, jini?' Hapo sikucheka."

Kufikia Ijumaa, picha kumi na nane kati ya kumi na tisa zilikuwa zimerudi studio. Bi Fatma, kungwi mkuu wa Nandagala, alituma ujumbe mfupi tu kuwa kijiji kitatafuta mpiga picha mwingine. Mama mzazi wa Mwantumu, anayeishi palepale kijijini, aliacha kwenda kisimani saa za wenzake.

Hilo angelimeza. Watu hukosea kazi, wakasemwa, wakazoea. Kilichomkata maini kilikuja Machi mwaka huu, mvua zikiwa zimeshika.

Bi Saada, mmoja wa wale akina somo, aliugua homa siku nne akafariki. Baada ya maziko, mwali wake Shakila, mwanafunzi wa darasa la sita, alikuja studio na mama yake. Walikuwa wamelowa. Waliomba picha ya marehemu. Aliyoiacha Bi Saada ni moja tu, ya kitambulisho cha mpiga kura, ndogo kama ukucha, amekunja uso kwa jua.

Mwantumu akafungua kompyuta. Akaitafuta picha ya Julai.

"Nikakuza. Nikakuza tena. Kila nikikuza, ukungu unazidi," anasema. "Mikono yake inaonekana, maana ilikuwa mabegani mwa mtoto. Uso haupo. Na mimi ndiye niliyeufuta, tena nilitoa hela kununua cha kuufutia."

Shakila alitazama kioo cha kompyuta. Kisha akasema, "Basi, shangazi, nisafishie hiyo hiyo."

Akamsafishia. Usiku huo hakulala, na kwa wiki mbili kamera ilikaa kwenye boksi. Alimwambia mumewe kwamba anaifunga studio, atarudi kulima.

Aprili alikwenda Nachingwea mjini kwenye arobaini ya ndugu wa mumewe. Wanawake walikuwa chumbani, sinia la pilau limewekwa katikati, na Mwantumu akainua macho kutafuta pa kuegemea. Juu ya kitanda ilikuwepo picha.

Ilikuwa picha ya mwali. Ya zamani, pembeni imeliwa na mchwa. Mtoto ameketi mkekani, khanga imerudishwa nyuma, miguu yake yote miwili inaonekana mpaka vidole. Somo amesimama nyuma yake, mrefu, uso wake uko wazi kama wa mtoto. Lakini kilichomtoa Mwantumu pumzi kilikuwa pembeni. Kulia na kushoto ilionekana mikono ya wanawake wakipiga makofi, mikono mitupu, wenyewe wamebaki nje ya picha. Ukiitazama ile mikono, inakurudisha kwa mtoto. Ukimtazama mtoto, anakupandisha kwa somo. Huna pa kutokea.

"Nilisahau pilau," anasema Mwantumu. "Na wanaonijua mimi wanajua pilau siachi. Nilijisikia kama mtu aliyekuwa anaongea kumbe hajui lugha, halafu anamsikia mwenye lugha yake. Nikasema, Mola wangu, kumbe inawezekana! Wote waonekane, na bado mwali awe ndiye mwali."

Aliomba kuigeuza. Nyuma iliandikwa kwa penseli herufi K na namba saba. Wenyeji walijua kitu kimoja tu, kwamba bibi yao alitolewa unyagoni Mnero. Basi Mwantumu akaanza kupiga hodi Mnero, na kila alipoingia alikuta mambo. Wanawake wawili wanatwanga, mchi mmoja juu, mmoja chini, na katikati yao kuku anasubiri punje. Harusi ambayo wapishi wamejaa mbele na masufuria yao, na maharusi wako nyuma mlangoni, wadogo, wanachungulia sherehe yao wenyewe. Nyuma ya kila picha, K.

Ilimchukua mpaka Juni kumpata K. Alikuwa akitafuta mzee wa kiume mwenye miwani. Nyumba ya kumi na sita wakamcheka.

"Si Klementina huyo? Yuko bondeni, anakata ufuta."

Bibi Klementina ana miaka zaidi ya themanini. Alikuwa akifunga matita ya ufuta na kuyasimamisha yakauke. Mwantumu alimwamkia shikamoo kwa magoti yote mawili, pale pale kwenye vumbi, na bibi akaitikia marahaba huku akimuuliza kama amepotea njia.

Alipokuwa msichana, bibi alimpikia sista mmoja wa misheni, ambaye aliporudi kwao alimwachia kamera. Filamu moja ilikuwa na picha kumi na mbili, na nyuma ya kila moja aliandika K na namba yake. Kuzisafisha, mpaka zitumwe mjini na kurudi, ni miezi mitatu. Alipiga hivyo karibu miaka ishirini, mpaka kamera ilipokufa na fundi akakosekana. Nyumbani kwake hana hata picha moja.

"Picha za wenyewe," anasema bibi, ambaye Kiswahili chake kinatembea taratibu nyuma ya Kimwera. "Mimi nikae nazo za nini?"

Mwantumu alimpa picha ya Shakila. Bibi aliisogeza karibu na jicho, akaigeuza, akaigeuza tena.

"Umepiga mtoto peke yake," akasema. "Mtoto hakuja peke yake."

Mwantumu alilia, na anasema hakuona aibu. Bibi alimwacha alie, akaendelea kufunga tita. Halafu akamweleza namna yake ya kufanya kazi, ambayo haikuwa na siri.

"Mimi nina picha kumi na mbili tu. Ninafika, ninakaa na watu. Ninakaa mpaka wananichoka. Wakinichoka, wanaacha kusimama kama askari. Hapo ndiyo ninapiga."

Julai ikafika, na Nandagala walikuwa wanatoa wali wengine. Mwantumu alikwenda kwa Bi Fatma bila kutumwa na mtu.

"Wewe tena?" kungwi akamwambia. "Umekuja kutufunika ukungu?"

"Nimekuja kuomba radhi, mama. Na nimekuja kuomba mwali mmoja. Mmoja tu, picha moja. Ikiharibika, sitakanyaga tena."

Bi Fatma alimpa mwali wa mwisho katika mstari, mjukuu wake mwenyewe, ambaye somo wake ni Bi Fatma mwenyewe. Waliokuwepo wanasema ilikuwa kama kumpa mtu kisu na kumtolea shingo.

Kutwa nzima Mwantumu hakuigusa kamera. Alipepeta mchele, akateka maji, akatumwa chumvi. Vijana wawili wenye simu walishapiga picha mia na zaidi. Saa kumi alasiri, watu walipokuwa wamemchoka na kumsahau, aliuminya mlango wa mwanga kwenye lenzi yake mpaka mwisho ili wa mbele na wa nyuma wote waonekane, akapiga magoti vumbini, akangoja. Mtoto alichoka kukaa wima, akaegemea miguu ya bibi yake. Bibi akainama kumtazama. Mwantumu akabonyeza mara moja.

Aliisafisha kwa ukubwa wa daftari, akaipeleka Jumatatu. Bi Fatma aliitazama mpaka chai ikapoa. Viatu vilikuwepo, vyote viwili, na vumbi lake. Khanga ilikuwepo. Na uso wake mwenyewe ulikuwepo, umeinama, na ule upole ambao kijiji kizima kilikuwa hakijawahi kuuona kwa Bi Fatma, maana ni mwanamke wa kukemea.

"Hii," akasema hatimaye, "haitoki humu ndani." Akatuma mtu alete msumari na nyundo.

Tangu siku hiyo Mwantumu amepiga harusi tatu Nandagala na Kipaimara kimoja Mnero. Mama yake anateka maji saa za wenzake. Mtu mwingine angesema yamekwisha.

Yeye anasema hayajaisha, kwa sababu wapo wale kumi na tisa. Siku yao haiwezi kurudi, na hajaribu kuirudisha. Anachofanya ni kumfuata kila mtoto na somo wake, na kuwapiga pamoja jinsi walivyo sasa: kwenye korosho, jikoni, mtoto na sare ya shule. Halipishi. Anakaa nao mpaka wamchoke. Amemaliza kumi na moja, na anataka amalize saba wengine kabla ya mvua.

"Halafu kuta sitaziacha," anaongeza. "Nikifika mia nitaendelea. Nyumba za watu zina mambo makubwa, ndugu yangu, na wenyewe wanapita tu hapo chini wakitafuta kandambili."

Kumi na moja na saba ni kumi na nane. Wa kumi na tisa ni Shakila.

Huyo ndiye anayemwogopesha. Mama mzazi wa mtoto alijitolea kusimama nyuma, mahali pa Bi Saada. Bi Fatma naye alijitolea, na hilo si jambo dogo. Mwantumu hakujua achague nani, akaona bora amuulize mwenyewe.

Mtoto hakufikiri sana. "Asisimame mtu, shangazi," alisema. "Nyuma paache wazi. Ila safari hii paonekane vizuri."

Watapiga Ijumaa ijayo, akitoka shule.