Simu ya Mama imejipiga tena

Simu ya Mama imejipiga tena leo.

Huwa anaifunga kwa leso, kioo kinaguswa, halafu mimi huku Kitengela nasikia ushago yote, kule kijijini: kuku, sufuria, Mama akiimba nyimbo za kanisa. Huwa sikati.

Jana brathe, ndugu yangu anayekaa na Mama, aliiwekea namba ya siri. Akaniambia, "Sasa haitakusumbua."

Nikasema asante, lakini roho ikauma. Nilikuwa nimeshaanza kumiss hao kuku.

Leo nikiwa kwa foleni ya maji, simu ikalia. Nikasikia kuku, sufuria, na wimbo.

"Mama, simu imejipiga?"

Akaacha kuimba.

"Itajipiga aje na iko na namba ya siri?"

Kumbe miaka yote hii.

Kama ya mamako bado inajipiga, usikate.