Kidole Kilicholala Kwenye Uzi

Siku hiyo mama fundi hakutulia. Alikaa, akainuka; akafungua dirisha, akalifunga; akashona pindo la gauni la mteja upande usio wake, akalifumua. Ukulele, kile kigitaa cha nyuzi nne, kililala mezani kando ya mkasi, kikimsubiri.

Binti yake alikuwa anaolewa Jumamosi, na alitaka kuimba harusini wimbo aliomtungia marehemu baba yake huku mama akimpigia. Jioni wakwe wangekuja kusikia mazoezi. Mjomba wa bwana harusi, mpiga gitaa anayejulikana, alikwisha kutuma salamu kwamba mama asijisumbue, atapiga yeye. Mwenye akili aliielewa salamu hiyo: kwenu hakuna mtu.

Kodi nyingine, yaani sauti zinazolizwa pamoja, mama fundi alizimudu. Iliyomtoa jasho ni moja, ya pale baba anapotajwa: kodi ya C iliyoongezewa sauti ya tisa. Vidole viwili tu, lakini kila alipopiga, uzi uliokuwa kati ya vidole hivyo ulikufa, puu!

"Wifi, unapiga muziki au unaua mbu?" aliuliza dada wa marehemu, akikunja shuka kwenye kochi.

"Cheka, meno ni yako."

"Mwachie mjomba wa watu. Kushindwa si aibu."

"Kwako. Kaka yako hakuacha mjane wa kuazima watu."

Binti alitoka chumbani, akamtazama mkono. "Mama, unakilaza kidole. Kinamlalia jirani."

Mama fundi akakiangalia kana kwamba ni cha mtu mwingine. Kweli. Tangu usichana wake kwenye cherehani alifundishwa kutandaza vidole juu ya kitambaa, maana kinachosimama hudungwa. Sasa kiliogopa kusimama.

"Hapa hakuna sindano, mama."

Alikisimamisha, kikaanguka. Akakisimamisha tena. Alirudia akitembea, akarudia jikoni, hata wifi akaacha kucheka akaanza kusikiliza.

Wageni walipofika, mjomba aliketi na gitaa lake mapajani, tayari. Binti aliimba, mama akapiga, na pale baba alipotajwa kodi ikalia yote, kila uzi na sauti yake. Binti akaanza kulia. Wimbo ukasimama.

Mjomba akanyoosha mkono kwenye gitaa.

"Tulia, baba," wifi alisema. "Mwenyewe yupo."

Mama fundi hakuiachia ile kodi. Aliipiga, akaipiga, kidole kimesimama, macho kwa mwanawe, mpaka binti akafuta uso, akalishika neno pale lilipoangukia, akamaliza.

Mjomba alirudisha gitaa mkobani. "Mama, ile tisa umefundishwa na nani?"

"Na wa humu humu ndani," alijibu mama fundi, miguu yake ikiendelea kukanyaga sakafu kama yuko kwenye cherehani. "Jumamosi uje mapema, mjomba, upate kiti cha mbele."