Siku Nane za Zuhura

Nakumbuka Jumapili moja ya Januari 2006, mwanangu, nimekaa jikoni kwa shangazi yangu Mwanaidi, ghorofa ya tisa pale Flemingdon Park, Toronto, naandika uongo kwa mwandiko mzuri. Usinicheke. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nasoma chuo kikuu kule karibu na makutano ya barabara za Jane na Finch, na nilijiona mjanja kwelikweli.

Mwalimu aliyetufundisha habari za Wamaya, wale watu wa kale wa Amerika ya Kati, alitupa kazi: tuitazame sayari ya Zuhura kwa macho matupu kama wao, alfajiri na jioni, kwa wiki sita, tuandike tulichokiona. Daftari lilitakiwa kesho ya Jumapili hiyo, na nikifeli, ufadhili wa masomo umekwenda. Mimi nilitazama wiki ya kwanza tu. Baridi ya Toronto unaijua. Siku zilizobaki nilijifunika blanketi, nikajaza: "Jioni, magharibi, inang'aa."

Na ajabu ni kwamba habari zenyewe zilinikolea. Kila nilichosoma nilimsimulia shangazi tukila. Wamaya walihesabu siku mia mbili thelathini na sita Zuhura ikiwa nyota ya asubuhi, siku tisini imepotea, mia mbili hamsini ikiwa nyota ya jioni, kisha inapotea siku nane tu na kurudi alfajiri. Mizunguko mitano ni miaka minane, nayo inarudi palepale, majira yaleyale. Shangazi aliacha kula. Akataka kujua walijuaje bila darubini. Nikamwambia walitazama, wakaandika, wakawaachia watoto wao waendelee. Nikamwonyesha hata tarakimu zao: nukta ni moja, mstari ni tano.

Basi Jumapili hiyo akasimama nyuma yangu na kikombe chake cha chai, akasoma.

"Hii ya tarehe kumi na tatu uliiona wapi?"

"Hapo nje, shangazi."

Alishusha kalenda ya msikiti ukutani, akaniwekea mbele. Kuanzia tarehe kumi kulikuwa na nukta moja, kesho yake mbili, halafu tatu, hadi tarehe kumi na saba: mstari mmoja na nukta tatu. Siku nane ambazo Zuhura haikuonekana kabisa. Tarehe kumi na nane aliandika, "Imerudi."

Shangazi alikuwa akisafisha maofisi. Alitoka na basi la alfajiri, akarudi jua likizama, na kote kuwili alisimama kituoni akiitafuta.

"Nilidhani tunatazama wote," akasema.

Wallahi nilitamani sakafu ipasuke. Lakini unajua nilifanya nini? Nilimwomba kalenda ninakili. Hapo ndipo alipokasirika.

"Macho haya ni yangu, mama. Wewe andika ya kwako. Wale wazee wangekuwa waongo kama wewe, leo ungesoma nini?"

Nikafuta uongo wote. Nikaandika "Sikutazama" mara thelathini na tano, nikampelekea mwalimu. Nilifeli, ndiyo, na ufadhili ukaenda. Nilikanda mikate kiwandani miaka miwili kabla ya kurudi chuoni. Shangazi hakuniambia pole, ila kila Ijumaa alinipikia pilau.

Alifariki mwaka 2013. Januari iliyofuata, miaka minane kamili, nilikwenda kusimama kituoni kwake, alfajiri na jioni, bila kukosa hata siku moja. Palipokuwa na mawingu niliandika mawingu. Asubuhi Zuhura ilipochomoza tena mashariki, nililia mbele za watu, nikaandika chini ya nukta zake: "Shangazi, imerudi. Nimeiona mwenyewe."

Kalenda hiyo ninayo. Ukitaka kuishika, nawa mikono kwanza.

Kwa hiyo, mwanangu, ulichokiona sema umekiona, usichokiona sema hukukiona, na kama hukutazama, sema hukutazama hata ikikugharimu. Yuko mtu baada yako atakayeanza kuhesabu pale ulipoishia. Mungu akupe macho yasiyochoka kuuliza, akupe subira ya kusimama kwenye baridi, na akujaalie mtu wa kutazama pamoja naye.