Mbuzi wa Baba Mukubwa

Shefu wa depo ya samaki wakavu, pale bandarini Kalemie, alikuwa na mkono usiojua mpaka. Dada aliyekuwa akitupimia ndakala, wale dagaa wakavu, alimwonya mara nyingi. Siku aliposhikwa kiuno ndani ya stoo, aliacha mizani akarudi kwao. Sisi wanunuzi tukabaki kupimiwa na shefu mwenyewe. Mifuko yangu niliipima kwake, nikaipima tena nyumbani, kilo zikapungua, na nakuambia ukweli: hatukumlilia yule dada kwa urafiki tu.

Siku moja nikiwa kwenye foleni nikamwuliza shefu, "Papa, mambo ya yule dada utayatengeneza lini?"

"Ile ilishaisha, Mama. Nilipeleka mbuzi na kitenge kwa baba yake mukubwa. Wazee wamepokea."

"Kumbe ni baba mukubwa njo ulimushika kiuno?"

Foleni ikaangua kicheko. Mama mmoja ilibidi aketi juu ya mfuko wake.

Jioni nikaenda kwa dada mwenyewe. Kitenge alikuwa amekivaa shangazi yake. Mbuzi alishaliwa, na dada hakuonja hata supu.

"Wananiambia nirudi, eti mambo imekwisha," akasema. "Kazi yangu naitaka. Lakini aseme mbele ya watu kile alichonifanyia, na ufunguo wa stoo nikae nao mimi."

Kesho yake, kwenye foleni, bei hiyo nikaifikisha kwa shefu. Akajaribu kuiteremsha.

"Nitamuomba musamaha ndani ya biro yangu ya kazi, Mama. Sisi wawili, tufunge mulango."

"Kufunga mulango njo kulileta haya yote, Papa."

"Basi naongeza mbuzi wa pili."

"Baba mukubwa atafurahi. Sisi tunakwenda kununua kwa jirani."

Wenzangu wakaanza kunyanyua mifuko yao mitupu. Shefu akakubali.

Jumatatu dada akaja. Shefu akasimama kando ya mizani, akanong'ona, "Nilikosea."

"Ulikosea nini?" dada akauliza. "Hesabu?"

Hapo hata wapakiaji wakatua mizigo yao.

"Nilikushika bila wewe kutaka. Ulinikataza, nikarudia. Kosa ni langu, si lako." Akatoa ufunguo. Kisha akabaki amesimama akingoja kusamehewa, maana wazee walimsamehe kabla nyama haijaiva.

"Nimesikia," dada akasema, akiufunga ufunguo kwenye ncha ya nguo yake. "Mukono wako nitauangalia. Sasa sogea, Papa, unaziba mizani."