Chupa Iliyotulia

Mwanangu wa kwanza alizaliwa akihema kama mtu aliyekimbizwa. Upande wa kulia wa kifua ulikuwa umetuna, hauchezi. Nilikuwa nimetoka kijijini Chunyu kuja kujifungulia hospitali ya Nachingwea, na namshukuru Mungu kwa safari ile.

Daktari alisema pafu limetoboka. Hewa imevuja, imejaa kifuani na kulisinyaza. Akapenyeza mpira mwembamba kati ya mbavu. Ncha ya pili akaizamisha kwenye chupa ya maji sakafuni. Papo hapo maji yakabubujika, na midomo ya mwanangu ikaanza kurudiwa na rangi.

Mama yangu akakunja kitenge, akaketi kando ya chupa. Kwetu mtoto hapewi jina kabla kitovu hakijakatika, kwa hiyo alimwita mtoto "mume wangu", kama bibi yeyote amwitavyo mjukuu wa kiume. Kila povu lilipopanda alisema, "Mume wangu anapumua." Nami nikaamini. Siku mbili roho yangu iliishi ndani ya chupa ile.

Asubuhi ya tatu mapovu yakakoma.

Mama akainama, akatazama, akangoja. Kisha akavua mtandio akaufunga kiunoni, kama wanawake wafanyavyo msiba unapoingia. Nilishindwa kumtazama mwanangu. Nilitazama maji.

Kilio cha mama kilimleta muuguzi mbio. Akaukagua mpira, akasikiliza kifua kulia, akasikiliza kushoto, akarudia tena kulia.

"Bibi, unamlilia nani?"

"Mume wangu. Pumzi imekwisha chupani."

"Ile haikuwa pumzi yake, Bibi. Ni hewa iliyovuja, tulikuwa tunaitoa. Sasa tundu limeziba, pafu limefunguka. Hebu mtazameni!"

Nikageuka. Pande zote mbili za kifua zilipanda pamoja, zikashuka pamoja.

"Sista, ulijua siku zote ukaninyamazia," mama akasema, machozi bado yanamtiririka. "Wewe unamtaka mume wangu!"

"Huyu? Hata meno hana!"

Kesho yake mpira ulitolewa, nikapewa mwanangu nimnyonyeshe. Alinyonya kwa pupa, akapaliwa, akalia kilio kikubwa cha hasira. Wanawake waliopanga foleni kwenye dirisha la dawa, mlangoni mwa wodi, wakageuka.

"Mbembeleze," mmoja akaniambia.

Sikumbembeleza. Nilimwacha alie, alie, ayajaze mapafu yake yote mawili.