Maharage Tuliyowapelekea Watoto

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, hasa nyinyi mliozaa juzi na mnapeleka watoto shule, kaeni chini kwanza. Chai mtakunywa baadaye. Nimewasikiliza wiki nzima mkilalamika hapa uani kwangu: makande ya shule mabaya, maharage yana wadudu, walimu wezi, wapishi wachafu. Nimenyamaza, maana nikifungua mdomo mnasema bibi kaanza kelele zake. Basi leo naandika. Mwandiko wangu mtauvumilia. Niliishia darasa la nne, na tulifundishwa kuandika ili tueleweke, si kupamba.

Mwanangu, nakumbuka siku moja nilipoinama juu ya ungo wa maharage ya shule nikaiona nyumba yangu mwenyewe imo ndani yake. Ngoja nikueleze ilikuwaje.

Tulikuwa huku huku milimani, upande wa Matombo, na shule ilikuwa ng'ambo ya mgongo wa pili wa mlima. Mwanangu wa kwanza, Zaituni, alikuwa darasa la saba. Mnamjua, ndiye shangazi yenu yule asiyependa mchezo. Alikuwa anaamka giza bado lipo, anashuka bondeni, anapanda tena. Ikifika saa sita mchana tumbo limeshikana na mgongo. Watoto wengi wa upande wetu saa sita walikuwa wanarudi nyumbani kula, na wakisharudi hawaonekani tena shuleni mpaka kesho. Utamrudisha vipi mtoto kwenye mlima ule mara mbili kwa siku moja?

Ndipo wazazi tukakubaliana watoto wapikiwe makande pale pale. Kila nyumba ikivuna inatoa debe la mahindi na debe la maharage, na akina mama tunapika kwa zamu. Mavuno ya kwanza mambo yalikwenda vizuri. Zaituni alianza kubaki masomo ya jioni, yale ya darasa la saba ya kujiandaa na mtihani. Nikaona mtoto ananawiri, na daftari lake halina tena michoro ya usingizi.

Halafu ikaja ruksa. Nyinyi hamkuiona. Zamani mtu akija kununua mazao kwa mlango wa nyuma tulimwita mlanguzi, na akikamatwa anakiona. Mara tukaambiwa ruksa, na mlanguzi yule yule, na kofia yake ile ile, akawa mfanyabiashara. Malori yakaanza kupanda barabara ile mbovu ya kutoka Mkuyuni, yanapiga honi toka bondeni, na watu wanatoka mbio na magunia kama wanakimbilia moto. Sisemi biashara ni mbaya. Tulipata kanga, tukapata sabuni inayotoa povu, hata viatu vya mitumba tukavaa. Ninachosema ni kwamba honi ile ilitutoa akili.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo penye jambo lenyewe. Huku kwetu maharage mazuri tunayaweka darini, juu ya jiko. Moshi unayapitia kila siku na mdudu hayagusi. Lakini tulipoanza kusubiri bei ya lori, watu wakawa wanajaza magunia wanayasimamisha pembeni mwa nyumba, wanangoja bei ipande. Bei haijapanda, mdudu kashaingia. Punje imetobolewa, ukiishika inatoa unga. Mwenye lori akija anaingiza mkono ndani ya gunia, anaona, anacheka, anasema haya mkale wenyewe. Basi watu wanamteremshia yale ya darini, safi yanang'aa. Yaliyobunguliwa yanaenda wapi?

Jibu mnalijua. Msijifanye hamlijui.

Makande ya shule yakaanza kunuka vumbi. Watoto wakawa wanakaa na bakuli mapajani wanatoa wadudu kwa kidole, mmoja mmoja, mpaka kengele inalia hawajameza kitu. Zaituni akarudi siku moja midomo imekauka, akaniambia, "Mama, leo nimekula mahindi tu, maharage nimewapa kuku wa mwalimu. Kuku nao wameyaacha."

Baba yake alikuwa ananyoosha mgongo barazani. Akasema, "Kama shule hakuna chakula, akae nyumbani. Ndizi za kupeleka Mkuyuni zinaoza kwa kukosa mbebaji."

"Akae nyumbani, mtihani uko mlangoni?"

"Mtihani unafanywa na njaa?"

Nilijua mtoto wa kike wa huku akishaanza kubeba ndizi, hakuna wa kumrudisha darasani. Nimewaona wenzangu. Mimi mwenyewe darasa la nne niliishia hivyo hivyo.

Kijijini lawama zote zikamwangukia mwalimu mkuu. Alikuwa mtu wa kuja, na mtu wa kuja hana wajomba wa kumsemea. Wakasema anauza maharage yetu mazuri kwa wenye malori, halafu anakwenda gulioni Mkuyuni kununua uozo wa bei ya chini. Aliyepiga kelele kuliko wote alikuwa Mzee Kobelo, jirani yetu wa chini. Mwalimu akaita mkutano. Akatuma watoto waseme majumbani kwamba wazazi wasipoelewana siku hiyo, yeye anafunga jiko, kila mtoto ale kwao. Kwangu mimi maana yake ilikuwa moja tu: jiko likifungwa, Zaituni anabeba ndizi.

Siku ya mkutano ikaangukia zamu yangu ya kupika, mimi na Mama Salumu, mwanamke mwenye mdomo kama pilipili, Mungu amrehemu. Tukakaa nyuma ya darasa tunachagua maharage kwenye ungo. Na hapa niwaambie kitu ambacho nyinyi mnaonunua maharage dukani hamwezi kukijua. Huku kila ukoo una mbegu yake. Binti akiolewa anapewa mbegu na mama yake, kama anavyopewa chungu. Mwanamke wa huku ukimwonyesha punje atakwambia imetoka nyumba gani.

Mama Salumu akaacha kuchagua. "Mama Zaituni, hebu ona haya mekundu marefu. Si ya kwa Mzee Kobelo haya?"

"Ya kwake. Nani mwingine ana mbegu ile?"

"Na si anasema mwalimu kayauza?"

"Kama kayauza, mbona tunayo hapa mkononi?"

Akaangua kicheko mpaka ungo ukatikisika. "Mwalimu atakuwa mchawi! Kaenda Mkuyuni kanunua maharage ya Kobelo yale yale!"

Tukaanza kutafuta. Meusi madogo, ya kwa fundi cherehani. Yenye mabaka ya zambarau, ya kwa wale wa kisimani. Yote yametobolewa. Mama Salumu anataja majina huku anapiga makofi, mimi nacheka kwa hasira. Halafu kidole changu kikasukuma punje ya njano yenye jicho jeusi.

Mbegu ya mama yangu. Kijiji kile hakuna aliyekuwa nayo ila mimi na yeye, na yeye hatoi debe la shule. Nayo ina tundu.

Mama Salumu aliiona. Akainama kwenye ungo kama anatafuta ya kwake.

Debe letu nililipima mimi, kwa mikono yangu, kutoka darini. Lakini wa kulibeba mpaka shule alikuwa baba Zaituni. Na siku ile aliyolibeba ndiyo siku aliyorudi na viatu vya mitumba miguuni. Sikuhitaji mtu wa kunisomea: ya darini yalikwenda kwa lori, ya gunia la pembeni yakaenda shule.

Mama yangu mzazi alikuwa amekuja mapema kwa ajili ya mkutano. Alinikuta nimesimama na ungo kifuani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mbona umevimba hivyo?"

Nikamwonyesha. Nikamwambia leo nitawataja mbele ya watu, mmoja baada ya mwingine, kuanzia Kobelo.

Akachambua chambua kwa kidole, taratibu, wala hakuinua macho. "Wataje. Na haya ya kwako utaanza nayo, au utayaruka?"

"Mama, mimi sikupeleka haya! Mimi nilipima mazuri. Ni baba Zaituni."

"Watoto wanakula nia yako, au wanakula kilichofika shuleni?" Hapo ndipo akanitazama. "Shamba ni la ukoo wetu, mbegu nilikupa mimi, nyumba ni yako. Ukisimama useme ni mume wangu, kila mwanamke pale atasema ni mume wangu, na makande yatabaki na wadudu. Anza kwako ama kaa kimya."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini mtoto wangu alikuwa mle darasani, upande wa pili wa ukuta, naisikia sauti yake anasoma kwa nguvu na wenzake.

Mkutano ulianza kwa matusi. Mzee Kobelo alikuwa anamnyooshea mwalimu fimbo. Mwalimu kakaa, kakunja mikono, kachoka. Nikapita katikati ya wanaume na ungo wangu, nikauweka juu ya meza yake, nikasema, "Naomba nianze mimi. Haya ya njano ni ya nyumbani kwangu. Yameoza. Yametoka kwangu yakiwa yameoza, mwalimu hakuyaozesha."

Baba Zaituni alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Mbegu zetu tunazijua," nikaendelea. "Kila mwanamke aje atazame. Asiyeona ya kwake amtukane mwalimu, nami nitamsaidia."

Mama Salumu akanyanyuka. "Yale meupe ni yangu, na atakayenicheka nitamtaja na ya kwake!" Watu wakacheka, na kicheko hicho ndicho kilichotuokoa. Mke wa fundi cherehani akaja, akatazama, akajifunika kanga usoni. Wengine wakaja. Wengine hawakuja, na Mzee Kobelo alisema ana mgonjwa nyumbani, akaondoka na fimbo yake. Mpaka anakufa hakumwomba mwalimu radhi. Msidhani kila mtu hubadilika akionyeshwa ukweli.

Baadaye, tunarudi nyumbani, baba Zaituni aliniambia kwa sauti ndogo, "Nilidhani debe moja tu, litapotelea mle kwenye sufuria kubwa. Nilijua wenzangu watapeleka mazuri."

Nikamwambia, "Nao walijua hivyo hivyo."

Jiko halikufungwa. Siku ile watoto walikula ndizi za kuchemsha kutoka shamba la shule, na wiki iliyofuata maharage mengine yakaanza kufika, si yote mazuri, lakini yanalika. Zaituni alifanya mtihani wake akiwa na kitu tumboni. Ndizi za Mkuyuni zilibebwa na aliyevaa viatu.

Sasa nyinyi. Mnanichosha, wanangu, kweli mnanichosha. Mchango wa shule mnautoa mwisho, baada ya vocha, baada ya nywele, baada ya sare ya harusi ya mtu msiyemjua. Mkiambiwa mlete mahindi mnapeleka yale mliyoshindwa kuwauzia watu. Mkiitwa mkutano hamwendi. Halafu mtoto akirudi na njaa mnamtafuta mwizi shuleni. Mwizi yupo mara nyingine, sikatai, na akiwepo mkamateni. Lakini kabla hujamshika mtu shati, mwanangu, nenda katazame wewe ulipeleka nini. Tumbo la mtoto si mahali pa kumalizia mabaki yetu. Kilicho kizuri kitoke kwanza kwa ajili yake, mwenye lori atakuta kitakachobaki. Na ukimkuta mwenzako kakosea, uwe umeshasema la kwako, ndipo atakusikiliza.

Mungu awape mikono mikunjufu, awape mvua kwa wakati wake. Watoto wenu wasome wakiwa wameshiba, na asiwepo hata mmoja wa kumhurumia mwenzake kwa njaa. Amina.

Na jioni ile ya mkutano, kabla sijapakua chakula, niliwaita wote wa nyumba yangu jikoni, wakubwa kwa wadogo, nikawaambia: "Kuanzia mavuno haya, debe la shule linapimwa kwanza, kutoka darini, na lori halijapiga honi. Baba Zaituni atalibeba kama kawaida. Lakini kabla halijatoka mlangoni, nitachota humo kibaba kimoja, nitapika, na yeye atakula wa kwanza, sisi sote tunamtazama."